Semina za Walimu: Kuomba Nafasi na Kuweka Kumbukumbu kwa Mtandao



Somo letu la leo linahusu walimu wa shule zetu za chekechea, pamoja na wale wanaofundisha watu wazima kusoma na kuandika. Vikundi vingi vilijenga madarasa haya kwa harambee. Mwalimu analipwa kutokana na kile kidogo wazazi wanachochanga, na mara kwa mara kikundi kinamtafutia semina ili ajiendeleze. Siku hizi wenye semina wanasema, "Jiandikisheni kwa mtandao." Vikundi vingine navyo vinataka kuanzisha mpango wao wenyewe wa namna hiyo. Je, tutaanzaje bila kumwacha nyuma mwalimu asiye na simu kubwa? Na baada ya semina, kumbukumbu zake zitakaa kwa nani?

Someni somo hili pamoja. Mmoja asome kwa sauti, na kila mwisho wa sehemu msimame mjadiliane. Mkiona ni refu, ligawanyeni kwa mikutano miwili.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili wanakikundi waweze:
1. Kueleza kwa nini kumbukumbu ya mafunzo ni mali ya mwalimu.
2. Kuweka sheria za kugawa nafasi kabla ya kugusa kompyuta.
3. Kutofautisha mwalimu aliyeomba nafasi, aliyepewa, aliyehudhuria na aliyemaliza.
4. Kulinda habari za walimu kama sheria inavyotaka.

IGIZO LA KUANZIA

Watu wawili waigize. Ni asubuhi ya siku ya semina, mlangoni.

KATIBU: Karibu mwalimu. Jina lako niangalie kwa orodha.
MWALIMU: Asante mama. Mimi natoka ile chekechea ya huko juu. Niliandikishwa na yule kijana wa saiba.
KATIBU: (Anatafuta mara mbili) Jina lako silioni hapa, mwalimu.
MWALIMU: Na nilimlipa! Akaniambia imeingia.
KATIBU: Ulipata ujumbe kwa simu?
MWALIMU: La. Simu yangu ilikuwa imezimika, akaweka nambari yake.
KATIBU: Na ile semina ya mwaka jana, una karatasi yoyote ya kuonyesha?
MWALIMU: Tulitia sahihi tu. Ile karatasi ilienda na wenye semina.
KATIBU: Sasa mwalimu, nikufanyie nini? Viti vimejaa.

Jadilianeni: Shida ilianzia wapi? Mwalimu huyu amepoteza vitu vingapi? Msifanye haraka kumlaumu mtu mmoja. Orodhesheni yote mnayoyaona, halafu tuendelee.

1. TUTAZAME MAMBO YALIVYO

Kumfundisha mwalimu aliye kazini si jambo jipya Kenya. Wazee wetu wa ualimu wanakumbuka vituo vya ushauri vya walimu vilivyoitwa TAC. Mkufunzi wa TAC alitembelea shule moja baada ya nyingine. Siku hizi afisa wa kazi hiyo anaitwa CSO. Mwaka wa 1998 Kenya na Japani walianza mpango wa SMASSE wa kuwaongezea ujuzi walimu wa hesabu na sayansi katika sekondari. Ulianza na wilaya 9, na mwaka wa 2003 ukaenea nchi nzima. Mwaka wa 2001 ulikuja mpango wa SbTD, ambapo walimu wa shule za msingi walijisomea vitabu vya mafunzo huku wakiendelea kufundisha.

Siku hizo kazi kubwa ilifanywa kwa karatasi. Barua ya mwaliko ikifika shuleni, ingeweza kubandikwa ukutani wote waione. Ingeweza pia kulala ndani ya droo mpaka semina ipite. Aliyekaa karibu na ofisi alijua mapema, na wa mbali alisikia wenzake wakisimulia chakula kilikuwa kitamu.

Halafu mtandao ukaja. Tangu mwaka wa 2016 TSC ilianza kuwapima walimu wake kwa mpango wa TPAD, na fomu zake zikawa za kujazwa kwa mtandao. Septemba 2021 TSC ilizindua TPD, mpango wa mafunzo ya kujiendeleza ya moduli sita, kila moduli miaka mitano. Taasisi nne zilipewa kazi ya kufundisha: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na KEMI. Ada iliyotangazwa ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, itoke mfukoni mwa mwalimu. Walimu wengi walilalamika. Tunajifunza nini hapo? Mpango wa mafunzo unaweza kuwa na mitambo mizuri, lakini watu watauliza kwanza: nani analipa, nani aliulizwa, na nikimaliza nitapata nini mkononi? Maswali hayo hayajibiwi na kompyuta.

Sasa tugeukie walimu wetu wa chekechea. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea chini ya kaunti. Lakini zile shule ambazo kikundi kilianzisha na kinalipa mwalimu chenyewe, mara nyingi hazina ofisi kubwa inayofuata nani alifundishwa nini na lini. Kikundi kisipoandika, hakuna mwingine atakayeandika. Halafu siku kaunti inatangaza kazi, mwalimu anaulizwa vyeti. Mama amefundisha watoto wa kijiji miaka mingi, amekaa semina nyingi, lakini mkononi hana kitu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mafunzo ya mwalimu nayo ni mali.

2. TUPIME: MTANDAO UNASAIDIA NINI?

Hapa kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuogopa mtandao, kusema hayo ni mambo ya mjini. La pili ni kuuabudu, kudhani kwamba ukishaingia, upendeleo na uzembe vitatoka vyenyewe.

Mnaijua M-Pesa tangu 2007. Kwa nini mama wa sokoni aliiamini upesi? Pesa ikitumwa, aliyetuma anapata ujumbe na aliyepokea anapata ujumbe, na nambari ya muamala ni moja. Mmoja akikana, mwingine anafungua simu. Hata katika chama chetu ni vivyo hivyo. Mweka hazina ana kitabu chake, na kila mwanachama ana kadi yake. Kitabu na kadi visipopatana, mkutano hauendelei mpaka ijulikane kwa nini.

Hilo ndilo jambo kuu la somo hili: KUMBUKUMBU YA HAKI HUKAA PANDE MBILI. Mwenye semina awe nayo, na mwalimu awe nayo. Mtandao unaweza kufanya hivyo upesi kuliko karatasi. Unaweza pia kufanya kinyume, ukaweka kila kitu kwa simu ya mtu mmoja, wengine wote wakabaki kumwomba.

Mtandao unasaidia hivi:
• Tangazo linafika shule zote siku moja.
• Hesabu ya nafasi inaonekana, haitegemei kumbukumbu ya kichwa.
• Kumbukumbu za miaka mitano zinatafutwa kwa dakika moja.
• Aliyeachwa mara mbili anaonekana, aliyekwenda mara nne pia anaonekana.

Mtandao hausaidii hivi:
• Hauamui nani anastahili. Ninyi ndio mnaamua, na ubaya mkiuweka ndani, utatoka vile vile.
• Haujui kama mwalimu alikuja kweli. Kuomba nafasi si kuhudhuria.
• Haufiki mahali ambapo hakuna stima wala mawimbi ya simu.

Kuna hatari moja ambayo wengi hawaioni. Ni ile sheria ya "wa kwanza kuandika ndiye wa kwanza kupewa." Kwa foleni ya kisima inaonekana ni haki. Kwa mtandao, anayekaa karibu na mlingoti wa simu na mwenye bando atajaza kila mara. Yule wa bondeni, anayesubiri siku ya soko afike kwa saiba, atakuta nafasi zimekwisha. Na huyo wa bondeni pengine ndiye aliyehitaji semina zaidi.

3. TUTENDE: HATUA SABA

Hatua ya kwanza: Wekeni sheria kabla ya kufungua fomu.
Kaeni na walimu wenyewe, si kamati peke yake. Andikeni kwa kumbukumbu za mkutano: nafasi zitagawanywaje, nani analipa nauli na chakula, aliyekosa bila taarifa atafanyiwa nini. Sheria ikipitishwa, ibandikwe shuleni na mahali pa mkutano.

Hatua ya pili: Fungueni maombi kwa wiki mbili, na saa ya kuomba isihesabiwe.
Aliyeomba siku ya kwanza na aliyeomba siku ya kumi na nne wawe sawa. Baada ya kufunga ndipo mgawe kwa sheria yenu.

Tuchukue mfano. Semina ina nafasi 24. Walimu 31 kutoka shule 14 wameomba. Sheria yenu inasema kila shule ipate nafasi moja kwanza, hizo ni 14. Zinabaki nafasi 10 na walimu 17. Hapo mnawatanguliza wale ambao hawajaenda semina yoyote kwa miaka miwili. Wakilingana, mnapiga kura mbele ya watu. Saba waliobaki wanaingia orodha ya kungoja, kila mtu na nambari yake. Mwalimu akituma habari kwamba hawezi kuja, anaitwa wa kwanza katika orodha ya kungoja, si rafiki wa katibu.

Hatua ya tatu: Tengenezeni fomu fupi.
Si lazima kununua programu ya pesa nyingi. Fomu ya bure kama Google Forms inatosha kwa kuanza, na majibu yake yanajipanga yenyewe kwa jedwali. Ulizeni yanayohitajika tu:
• Jina kama lilivyo kwa kitambulisho. Herufi moja ikikosewa, cheti kinaweza kukataliwa.
• Nambari ya TSC, kama anayo.
• Shule, na darasa analofundisha.
• Nambari ya simu YAKE MWENYEWE.
• Semina ya mwisho aliyohudhuria.
• "Utahitaji msaada gani ili uweze kuhudhuria?" Nafasi hii aijaze anayetaka. Mwenye mtoto mchanga ataomba mahali pa kumlaza. Asiyetembea vizuri ataomba chumba cha chini.

Hatua ya nne: Wekeni mlango wa pili kwa asiye na simu kubwa.
Mwalimu mwenye mulika mwizi atume ujumbe wa kawaida au apige simu kwa katibu. Asiye na simu kabisa ajaze karatasi shuleni. Katibu ndiye ataingiza habari hizo kwa fomu, na mwalimu apate jibu kwa njia ile ile aliyoombea. Fomu ya mtandao na karatasi zote zimwage maji kwa mtungi mmoja. Mkiwa na orodha mbili tofauti, mtakuwa na kelele mlangoni, kama katika igizo letu.

Akisaidiwa na kijana wa saiba au mtoto wake, mwalimu akae kando yake aone kinachoandikwa. Nambari ya simu iwe ya mwalimu. Neno lake la siri asimpe mtu, hata kama ni jamaa. Asiondoke mpaka aone uthibitisho.

Hatua ya tano: Tumieni safu nne katika jedwali, msizichanganye.
Safu hizo ni: ALIOMBA, ALIPEWA, ALIHUDHURIA, ALIMALIZA.

Turudi kwa mfano wetu. Walioomba ni 31. Waliopewa ni 24. Siku mbili kabla, walimu wawili walisema hawaji, wakaitwa wawili kutoka orodha ya kungoja, kwa hiyo ni 24 bado. Siku yenyewe walifika 23. Mmoja aliitwa nyumbani siku ya pili, kwa hiyo waliomaliza ni 22. Mkiulizwa na mfadhili mmefundisha walimu wangapi, jibu ni 22. Anayejibu 31 anadanganya, hata kama jedwali liko mbele yake. Kwa yule aliyeitwa nyumbani, andikeni alihudhuria siku moja. Msimfute, kwa maana siku hiyo moja ni yake, na pengine mwakani atamalizia.

Daftari la mahudhurio la karatasi libaki. Mwalimu atie sahihi kila asubuhi na kila jioni. Ndani ya siku saba katibu aingize mahudhurio kwa jedwali, na kila mwalimu apate ujumbe: jina lake, jina la semina, tarehe, saa alizofundishwa, nani alifundisha. Asiyepata ujumbe aulize.

Hatua ya sita: Lindeni habari za walimu.
Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Inampa mtu haki ya kujua habari zake zitatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, na haki ya kusahihishiwa zilizo na makosa. Sheria hiyo inahesabu mambo kama afya ya mtu, ndoa yake, kabila lake, imani yake na majina ya watoto wake kuwa habari nyeti. Basi kwa fomu ya semina, hayo msiyaulize. Mwalimu akikosa kwa sababu ya ugonjwa, andikeni tu "alitoa taarifa." Na ile orodha yenye nambari za simu isirushwe kwa kundi la WhatsApp la kijiji kizima.

Akaunti ya fomu iwe ya kikundi, isiwe ya mtu. Wawili wawe na ufunguo: katibu na mmoja mwingine aliyechaguliwa. Viongozi wakibadilishwa, ufunguo ukabidhiwe mbele ya mkutano kama vile kitabu cha benki kinavyokabidhiwa, na neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo. Vikundi vimevunjika kwa sababu ya muhuri uliobaki kwa nyumba ya katibu wa zamani. Tusirudie hayo kwa kompyuta.

Hatua ya saba: Chapeni, mgawe.
Kila mwisho wa muhula chapeni kumbukumbu. Nakala moja iingie faili ya kikundi. Kila mwalimu apewe karatasi yake yenye semina zake zote, imetiwa sahihi na kupigwa muhuri. Asome, na palipo na kosa aseme. Kosa lisahihishwe wazi, kwa tarehe na jina la aliyesahihisha. Mwalimu akihama au shule ikifungwa, ataondoka na mali yake.

4. TUANZE VIPI?

Msianze na mambo makubwa. Chagueni semina moja ndogo. Kwa hiyo moja, tumieni karatasi na mtandao kwa pamoja, halafu linganisheni. Majina yalipatana? Nani alikwama, na kwa nini? Fomu ilikula bando kiasi gani? Ni walimu wangapi walitumia mlango wa pili? Kama ni wengi, huo mlango wa pili ndio mlango mkubwa, na msiufunge mwaka ujao.

Hesabuni gharama pia. Fomu ni ya bure, lakini bando, karatasi, wino, nauli ya kwenda kuchapa, na saa za katibu si za bure. Katibu akifanya kazi ya siku nzima bila hata nauli, baada ya semina ya pili atachoka, na jedwali litalala. Wekeni kiasi hicho kwa bajeti ya semina mapema.

Mwisho, tusisahau kwa nini tunafanya haya yote. Semina ni kwa ajili ya yule mtoto wa miaka minne aliyekaa kwa mkeka akishika kalamu ya rangi. Miezi miwili baada ya semina, kamati ya shule itembelee darasa na kumwuliza mwalimu jambo moja: "Ni kitu gani sasa unafanya tofauti?" Jibu lake, hata sentensi moja, liandikwe katika safu ya mwisho ya jedwali. Safu hiyo ikiwa tupu mwaka mzima, tuulize semina zenyewe zinafundisha nini.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Walimu wetu wana kumbukumbu gani mkononi leo? Kila mwalimu aliyepo aeleze.
2. Semina ya mwisho, nani alikwenda, na nani alichagua aende? Sheria ilikuwa gani?
3. Katika kijiji chetu, mwalimu gani yuko mbali zaidi na mawimbi ya simu? Tangazo litamfikiaje?
4. Nani ana ufunguo wa habari za kikundi sasa? Akisafiri leo, tutafanyaje?
5. Rudieni lile igizo la mlangoni, lakini sasa mkitumia hatua saba. Mazungumzo ya katibu na mwalimu yatabadilika wapi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila shule ilete karatasi moja yenye majina ya walimu wake na semina zote wanazokumbuka: mwaka, mahali, siku ngapi, na kama cheti kipo au hakipo. Mwalimu aliyeacha kazi naye aulizwe, msimwache nje. Mkusanyiko huo ndio daftari lenu la kwanza. Likishakuwa safi kwa karatasi, kuliingiza kwa mtandao ni kazi ya siku moja.